Mpira wa tumboni, wa shingoni au fistula: kumchagulia mtoto njia ya dialisisi ukiogopa maambukizi

Mzazi akishaambiwa kwamba figo za mtoto zimeshindwa kazi na damu lazima isafishwe, haupiti muda kabla hajauliza njia ipi haina maambukizi. Jibu la kweli ni kwamba zote zinayo, ila hayalingani kwa wingi wala kwa ukali. Mpira wa shingoni ukichafuka, vijidudu vinaingia kwenye damu moja kwa moja. Mpira wa tumboni ukichafuka, vinaanzia kwenye utando wa tumbo. Fistula ya mkono (si ile ya uzazi, hii ni mshipa wa vena uliounganishwa na wa ateri kwa upasuaji) haina kitu kinachoning'inia nje ya mwili, kwa hiyo inazishinda zote kwa usafi, lakini mtoto wa kilo 8 hawekewi.

Msimamo wangu niuseme mapema, maana nimeuguza watoto wa njia zote tatu. Kwa mtoto mdogo atakayehitaji dialisisi kwa miezi au miaka, tumbo kwanza. Kwa mtoto mkubwa anayekaa karibu na kituo chenye mashine, fistula iandaliwe mapema, na mpira wa shingoni uwe wa kuvukia tu. Kwa mtoto ambaye figo zimefeli ghafla kwa malaria kali au kuhara, na zinatarajiwa kurudi, itumike njia ambayo timu iliyopo inaijua vizuri zaidi, kisha mpira utolewe mara tu unapokuwa hauna kazi. Zipo hali zinazouvunja msimamo huu, nazo nitazitaja.

Unafunguliwa mara ngapi, na nani anaufungua

Vijidudu vina milango miwili mikubwa. Kuna mdomo wa mpira, kila unapofunguliwa, na kuna tundu la ngozi pale mpira unapotokea. Vikishaingia vinajishikiza kwenye ukuta wa ndani wa mpira na kujifunika utelezi ambao antibayotiki huupenya kwa shida. Ndiyo maana mtoto anapata nafuu akiwa kwenye dawa, dozi inaisha, na baada ya siku chache homa inarudi ile ile.

Sasa tupige hesabu. Kwa njia ya mashine, yaani ya mpira wa shingoni au fistula, mtoto anakwenda hospitali mara 3 kwa wiki, saa 3 hadi 4 kila mara. Mpira wa shingoni una midomo miwili, mmoja wa kutolea damu na mwingine wa kurudishia, na yote hufunguliwa mwanzoni na kufungwa mwishoni. Kwa mwezi ni vipindi 12 au 13. Kwa njia ya tumbo inayofanywa kwa mkono, maji huingizwa tumboni na kumwagwa, na mifuko yake hubadilishwa kama mara 4 kwa siku, yaani takriban mara 120 kwa mwezi. Ipo mashine ya usiku inayobadilisha maji yenyewe mtoto akiwa amelala, na hiyo hupunguza kufungua hadi jioni na asubuhi tu, lakini kwetu Afrika Mashariki ni adimu.

Kwa hesabu hiyo tumbo limeshindwa kabla ya kuanza. Kuna mambo mawili yanayoigeuza.

La kwanza ni mahali kijidudu kinapoangukia. Ncha ya mpira wa shingoni iko kwenye mshipa mkubwa mlangoni mwa moyo, au ndani ya chumba cha juu cha moyo chenyewe. Kijidudu kikipita pale, kwa muda mfupi kimeshasambazwa mwili mzima. Kinaweza kukaa kwenye vali za moyo, kwenye mifupa, kwenye viungo. Tumboni mambo huenda polepole zaidi, na maji yanayotoka hukuonyesha kwa macho kwamba kuna tatizo. Maambukizi ya tumbo yanaua pia, nisieleweke vibaya, hasa yakicheleweshwa. Lakini yanakupa dalili mapema, na mara nyingi yanatibika mpira ukiwa papo hapo.

La pili ni mikono. Mpira wa shingoni hufunguliwa na wauguzi wanaohudumia watoto au watu wazima kadhaa kwa zamu moja, wanaovuka kutoka kitanda hadi kitanda huku simu inalia na mashine ya pili inapiga kelele. Mpira wa tumboni, mtoto akiwa nyumbani, hufunguliwa na mtu mmoja mwenye mgonjwa mmoja. Nimeona akina mama waliosoma hadi darasa la saba wakibadilisha mifuko kwa usafi ambao wodi yenye msongamano haiufikii.

Hili la mikono lina ushahidi mzuri. Mwaka 2011 hospitali za watoto za Marekani zilianzisha mradi wa pamoja uitwao SCOPE, wakakubaliana kufuata hatua zilezile za kuweka mpira wa tumboni, kufundisha familia na kufuatilia. Maambukizi ya utando wa tumbo yalishuka kutoka 0.63 kwa kila mtoto kwa mwaka hadi 0.42. Yaani mtoto aliyekuwa akiugua takriban mara moja kila miezi 19, sasa ilikuwa mara moja kila miezi 28 hivi. Hakukuwa na mpira mpya wala dawa mpya. Baadaye waliongeza watoto wa mpira wa shingoni kwenye mradi huo, na huko nako maambukizi ya damu yakapungua.

Shingoni: wa muda na wa kudumu

Mzazi husikia "mpira wa shingoni" akadhani ni kitu kimoja. Kuna wa muda, unaochomwa moja kwa moja kwenye mshipa na kushonwa kwa uzi, hata usiku wa dharura. Kati ya ngozi na mshipa ni sentimita chache na hakuna kinachozuia njiani. Kuna wa kudumu, ambao hupitishwa kwanza chini ya ngozi ya kifua kabla ya kuingia kwenye mshipa wa shingo, na una kipete cha kitambaa ambacho nyama hukishika baada ya wiki chache. Kipete hicho huuzuia mpira usichomoke na huvizuia vijidudu vya ngozini visitambae kuufuata ndani. Jina la "kudumu" ni la heshima tu. Nao una mwisho wake.

Mwongozo wa wataalamu wa figo wa Marekani uliohuishwa mwaka 2019 unasema wa muda usizidi wiki 2. Hapa ndipo mambo yanapoharibika kwetu. Mpira wa muda unawekwa Ijumaa usiku, mtoto anapata nafuu, kila mtu anashusha pumzi, na miezi miwili baadaye bado uko shingoni kwa sababu wa kudumu haupo stoo, au familia bado inachangishana. Ukiniuliza ni kitu gani kimoja kinacholeta maambukizi mengi ya damu kwa watoto wa dialisisi, nitakutajia huo mpira wa muda uliosahaulika. Wa kwenye nyonga ndio mbaya zaidi kwa mtoto mdogo, maana uko jirani na nepi.

Kama ni lazima uwe shingoni, mshipa wa kulia wa shingo ndio unaopendelewa kwa sababu njia yake imenyooka kuelekea moyoni. Mshipa ulio chini ya mtulinga (mfupa unaotoka chini ya shingo kwenda begani) uepukwe. Ukipata kovu na kuziba, mkono wa upande ule hautafaa tena kwa fistula, na mtoto ana miaka mingi mbele yake.

Kaa siku moja utazame jinsi kipindi kinavyoanzishwa. Muuguzi anavaa barakoa, mtoto naye anavalishwa au anageuzwa uso upande wa pili. Mikono inanawiwa, glovu zinavaliwa. Kifuniko kikitolewa, mdomo wa mpira unasuguliwa kwa klorheksidini yenye spiriti au kwa iodini, nyuzi zile za mdomo zote, si kugusa tu na pamba, kisha unaachwa ukauke. Kukauka ndiko kunakorukwa zaidi. Dawa inaua vijidudu kadiri inavyokauka, na muuguzi mwenye watoto watatu wanaosubiri anaona zile sekunde kama saa nzima. Mwishoni mpira unajazwa heparini usigande na kufungwa kwa kifuniko kipya. Ukiona kifuniko cha zamani kimewekwa pembeni juu ya kitambaa ili kirudishwe, una haki ya kuuliza.

Tena, mpira wa dialisisi si wa kutundikia dripu wala kuchotea damu ya vipimo. Najua mtoto aliyevimba ni mgumu kupatiwa mshipa, na najua saa nane usiku ule mpira mnene unavyovutia. Kila matumizi ya ziada ni kuufungua mara nyingine, na mara nyingi na mtu asiyejua taratibu zake.

Dalili ya kukariri ni homa au kutetemeka kwa baridi, hasa kunakoanza mtoto akishaunganishwa kwenye mashine. Damu inaposukumwa kwenye mpira mchafu, vijidudu vinamwagwa ndani kwa mkupuo. Damu ya kuotesha vijidudu maabara ichukuliwe kabla ya antibiotiki ya kwanza, kutoka kwenye mpira na, ikiwezekana, kwenye mshipa mwingine. Vikiota fangasi, au bakteria aitwaye stafilokokasi aureasi, kwa kawaida mpira unatolewa. Kwa baadhi ya bakteria wapole wa ngozini, madaktari hujaribu kuuokoa kwa dawa ya damuni pamoja na dawa inayoachwa ndani ya mpira wenyewe.

Kuna wanaouliza juu ya dawa mpya za kujazia mpira. Marekani iliidhinisha Novemba 2023 mchanganyiko wa taurolidini na heparini wa kuzuia maambukizi hayo, lakini kibali ni cha watu wazima. Usiuweke kwenye mahesabu yako ya leo.

Tumboni

Mpira unaotumika hadi leo ulitengenezwa na daktari Henry Tenckhoff huko Seattle, akautangaza mwaka 1968. Ni laini, una matundu ya pembeni, na kwa kawaida una vipete viwili vya kitambaa, kimoja kwenye misuli ya tumbo na kingine chini ya ngozi. Maji yenye sukari na chumvi huingizwa, hukaa tumboni, huvuta uchafu wa damu kupitia utando unaozunguka utumbo, kisha humwagwa.

Kinga huanzia chumba cha upasuaji. Dozi moja ya antibayotiki kabla ya kukata ngozi. Tundu la kutokea lielekee chini au pembeni, lisielekee juu, kwa sababu tundu linalotazama juu linakusanya jasho na maji ya kuoga. Kwa mtoto wa nepi liwekwe juu ya mstari wa nepi. Wapo wanaotolewa mpira hadi kifuani kwa sababu hiyo. Baada ya hapo, bandeji ya kwanza iachwe itulie, na mpira upumzike wiki 2 kabla ya kutumika ikiwa hali ya mtoto inaruhusu. Isiporuhusu, huanzwa na maji kidogo, mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo, mtoto akiwa amelala, kwa sababu maji yakivuja pembeni mwa mpira, vijidudu vimepata njia iliyolowa.

Mafunzo ya mzazi ndiyo yanayonipa moyo na kunipa wasiwasi kwa wakati mmoja. Mama anakaa, dirisha limefungwa, feni imezimwa, hakuna anayepita. Anavaa barakoa. Ananawa kwa sabuni hadi viwiko, anajifuta kwa taulo safi au karatasi. Anatoa kifuniko, anaunganisha bila ncha kugusa kidole, nguo wala kitanda. Kabla ya kujaza maji mapya anasuuza bomba kwa kuruhusu maji kidogo yaende kwenye mfuko wa kumwagia, ili kama kuna kilichoingia wakati wa kuunganisha, kiondoke. Maji ya zamani yakishatoka anaulaza mfuko juu ya gazeti. Maandishi yakisomeka vizuri, maji ni safi. Yakifichwa na ukungu, mtoto apelekwe hospitali na mfuko wenyewe, usimwagwe.

"Sista, na kama ncha imegusa kanga yangu bahati mbaya, nikiifuta na spiriti?" Hilo huulizwa kila darasa, na jibu ni hapana. Mama yeyote yule afunge kibano cha mpira, asiingize maji, aje hospitali tubadilishe kipande cha mwisho cha bomba na kumpa mtoto kinga ya antibayotiki. Aliyekuja akasema "niligusa" apokelewe kwa shukrani. Ukimfokea leo, kesho atanyamaza, na utamwona tena akija na mtoto mwenye tumbo gumu kama ubao.

Hospitalini maji hupimwa seli nyeupe. Zikizidi 100 kwa kila maikrolita na nusu au zaidi zikiwa nyutrofili (seli nyeupe zinazopambana na bakteria), hayo ni maambukizi mpaka ithibitike vinginevyo, na dawa huanzwa bila kungojea kilichooteshwa. Antibayotiki huwekwa ndani ya mfuko wa maji, ikafanye kazi palepale, wiki 2 hadi 3. Watoto wengi hubaki na mpira wao. Hautabaki ikiwa ni fangasi: huo hutolewa bila kujadiliana. Hautabaki pia ikiwa maji hayajang'aa baada ya siku 5 za dawa sahihi. Na ukitolewa, mtoto anahitaji kusafishwa damu kwa njia nyingine kwa wiki mbili tatu, na njia hiyo kwa kawaida ni mpira wa shingoni. Kwa hiyo aliyechagua tumbo hajaukwepa mpira wa shingoni milele. Amenunua muda, na mara nyingi ni muda mrefu.

Jambo dogo ambalo vituo vingi hulisahau: mtoto wa mpira wa tumboni akipewa antibayotiki kwa ugonjwa wowote, hata wa masikio, apewe pia dawa ya kuzuia fangasi, kama nistatini. Antibayotiki ikiua bakteria wa kawaida, fangasi hujaza nafasi.

Wodi yenyewe kama chanzo

Faida ya tumbo hupungua sana mtoto akilazwa. Nyumbani alikuwa na mikono miwili. Wodini ana zamu tatu za mikono tofauti, watoto wawili wawili kitandani, na bomba la maji linalochuruzika mwaka mzima, ambamo bakteria aina ya sudomonasi huishi kwa raha. Mimi hushauri hivi: mama aliyefuzu mafunzo aendelee kubadilisha mifuko mwenyewe hata mtoto akiwa amelazwa kwa kifua au kuhara, na muuguzi amsimamie. Wapo wenzangu wasiokubali, wakisema ni kumtwika mzazi kazi ya hospitali. Wana hoja, lakini kati ya mama aliyefanya zoezi hilo kila siku na muuguzi wa zamu ya usiku aliyelifanya mara ya mwisho chuoni, nitamwamini mama.

Kwa figo zilizofeli ghafla habari ni nyingine, kwa kuwa hakuna muda wa kumfundisha mtu. Hapa Tanzania, hospitali ya KCMC ya Moshi ilianza kutumia tumbo kwa wagonjwa wa aina hiyo tangu karibu mwaka 2009, na mwaka 2012 vyama vya kimataifa vya figo vilianzisha mpango wa Saving Young Lives kufundisha timu za Afrika na Asia kufanya hivyo hivyo. Tumbo halihitaji umeme, halihitaji mtambo wa kusafisha maji, na mpira unaweza kuwekwa kitandani na daktari aliyefunzwa. Mpira wa namna hiyo huchafuka upesi zaidi, lakini mtoto wa malaria mara nyingi anauhitaji kwa siku chache tu.

Fistula

Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966 na madaktari wa New York, na hakuna kilichoipita. Ateri na vena huunganishwa mkononi, vena inanenepa, sindano zinachomwa humo kila kipindi na kutolewa. Mtoto anaogelea, anaoga, analala kifudifudi.

Tofauti ya maambukizi ni kubwa. Taarifa ya mamlaka ya kudhibiti magonjwa ya Marekani ya Februari 2023 ilionyesha kwamba watu wazima wa dialisisi hupata maambukizi ya damu ya stafilokokasi mara 100 zaidi ya watu wasio na dialisisi, na kwamba wenye mpira wana hatari mara 6 kuliko wenye fistula. Ni takwimu za watu wazima, lakini mwelekeo kwa watoto ni uleule.

Kikwazo ni ukubwa wa mishipa. Chini ya kilo 20 inahitaji daktari wa upasuaji mwenye ujuzi wa mishipa midogo na darubini, na wa namna hiyo hawapo kila mkoa. Ikishatengenezwa hukomaa kwa miezi, si wiki. Na sindano zinauma. Mtoto wa miaka 9 anaweza kukataa kabisa na mkapoteza mwezi mzima mkimbembeleza. Yote hayo ni sababu ya kuanza mapema, kabla figo hazijafika mwisho. Mikono ya mtoto mwenye ugonjwa sugu wa figo isichomwechomwe hovyo: damu ichukuliwe mgongoni mwa kiganja.

Ni mtoto yupi, na anaishi wapi

Uzito huamua zaidi ya umri. Mtoto ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo. Wa kilo 8 ana kama 640, na damu inayokuwa nje ya mwili kwa wakati mmoja isizidi asilimia 10, yaani 64. Mirija na kichujio vya mtu mzima huchukua zaidi ya 150. Kenya ilisambaza mashine za dialisisi kwenye hospitali za kaunti kuanzia 2015, na Tanzania vituo vimeongezeka, lakini mashine kuwepo si sawa na mirija ya watoto kuwepo. Uliza hilo kwanza. Kama jibu ni kwamba haipo, mtoto mchanga amebakiwa na tumbo, na mjadala wa maambukizi unahamia kwenye namna ya kulitunza. Watoto wachanga ndio wanaougua utando wa tumbo mara nyingi zaidi kuliko wakubwa.

Familia inayoishi mbali, tuseme saa sita za basi kutoka kituoni, inafaa tumbo, kwa sharti moja: maboksi ya maji yafike bila kukatika. Ukosefu wa maji ya bomba pekee hauiondoi. Ndoo yenye koki, sabuni, na kona moja ya chumba isiyopitiwa na kuku wala wageni vinatosha. Kinachoiondoa ni pale mlezi anapobadilika kila wiki: leo bibi, kesho dada wa kazi, keshokutwa shangazi aliyetoka safari. Hapo ningependa mtoto ahamie kwa ndugu aliye karibu na hospitali, hata kama ni kwenda kwenye mashine.

Mtoto mwenye matundu mengine tumboni, kama ya kutolea mkojo au haja kubwa, ana hatari kubwa zaidi kwa tumbo, ingawa haijakatazwa. Tundu la mpira liwekwe mbali nayo. Mwenye makovu ya upasuaji mwingi wa tumbo huenda utando haufai kabisa.

Mtoto wa miaka 12 wa mjini, kilo 35, kituo kiko dakika ishirini: fistula. Akiwa anaingojea ikomae, apewe mpira wa kudumu wa shingoni au tumbo, kulingana na shule. Tumbo linamwacha aende darasani kila siku. Mashine inamla siku tatu za wiki.

Fikiria pia kinachochakaa. Kila mpira wa shingoni huacha kovu kwenye mshipa, na mishipa mikubwa ya shingo ni michache. Kila maambukizi ya tumbo huacha makovu kwenye utando, mpaka siku moja hauchuji tena. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini mwaka 2017, lakini figo iliyopandikizwa nayo hufika mwisho, na mtoto wa leo huenda akarudi kwenye dialisisi akiwa na miaka 30 akihitaji mshipa au tumbo lililobaki zima.

Kabla hujasaini

Muulize mkuu wa kitengo viwango vyao vya maambukizi. Chama cha kimataifa cha dialisisi ya tumbo kiliweka mwaka 2022 kwamba kituo kisizidi maambukizi 0.40 ya utando kwa mgonjwa kwa mwaka. Kituo kinachojua namba yake, hata kama ni mbaya, kinanipa imani kuliko kinachosema "kwetu hakuna shida hiyo." Kisha uliza nani atakufundisha, na kama ni mtu yuleyule mwanzo hadi mwisho. Uliza wana mpira wa kudumu stoo au utauagiza mwenyewe. Uliza ni lini mpira wa muda utatolewa, na tarehe hiyo iandikwe kwenye faili mbele yako.

La mwisho ni namba ya simu ya usiku. Mtoto mwenye mpira, wa shingoni au wa tumboni, akipata homa ya nyuzi 38 saa tano usiku, asianzishiwe dawa ya malaria dukani mkangoja asubuhi. Piga simu, taja neno "mpira" kwenye sentensi ya kwanza, na ukifika mapokezi ya dharura litaje tena, maana aliyeko zamu hamjui mtoto wako na bandeji imefunikwa na shati.